Nilimwambia rafiki yangu fundi apumzishe dawa mpaka chumba changu kiishe

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Ninachoandika hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa. Chumvi sijatia. Kama ni kupunguza ningepunguza, kwa sababu mwenye makosa katika habari hii ni mimi.

Naandika kwa simu, vidole vizito, miwani imepasuka upande mmoja. Mtanivumilia.

Jumatatu nilipigiwa simu nikasikia neno bipolar, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kisha kumshusha. Daktari amemwambia kijana fulani kwamba huenda ndiyo inayomsumbua. Babu yake huyo kijana alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Je, babu naye alikuwa nayo? Sijui wakuu. Enzi zetu hakuna aliyetutajia jina. Na mimi si daktari, nilikuwa karani wa godauni kule Industrial Area. Nitawaeleza nilichokiona, na nilichokifanya.

Twende polepole.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani, kwa Bi Zena, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi. Nikabahatika kupata ploti Dandora.

Nyinyi vijana mnaopanga Pipeline ghorofa ya saba mnadhani nyumba huota kama uyoga. Sikilizeni. Dandora ile ulikuwa unakabidhiwa kiwanja chenye choo na bafu, basi. Choo kimesimama peke yake uwanjani na mlango wake, mbuzi wa jirani amelala kivulini. Vyumba ujenge mwenyewe, tena kwa muda uliowekwa. Ukichelewa unaletewa barua. Baada ya barua ploti yaweza kupewa mtu mwingine.

Sisi wa mishahara midogo tuliunda vikundi vya kujenga. Chetu kilikuwa na watu kumi na wawili. Kila wikendi wote tunajenga kwa mtu mmoja mpaka chumba chake kiezekwe, kisha tunahamia kwa mwingine.

Zamu ilipangwa kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kofia. Kofia yenyewe ilikuwa yangu, kofia ya viua, ile ya kutarizwa kwa mkono. Nikachota kwenye kofia yangu mwenyewe nikapata namba ya mwisho! Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Kikundi kilikuwa na sheria moja kuu: ukuta ukipinda, aliyeujenga anaubomoa kwa mkono wake. Ikumbukeni hiyo sheria.

Fundi wetu wa kweli alikuwa mmoja tu, Mwaura. Mtu wa Murang'a, mrefu, mcheshi. Sisi wengine tulikuwa wa mkono: kuchanganya simiti, kubeba karai, kuteka maji. Yeye ndiye aliyepanga mawe. Alikuwa na timazi ya shaba aliyoachiwa na Mhindi aliyemfunza kazi. Kwa wasioijua, timazi ni kamba yenye kipande kizito mwishoni. Unaining'iniza kando ya ukuta unaona kama umesimama wima. Mwaura aliipenda timazi ile kuliko viatu vyake.

Tulizoeana kwa sababu ya chai. Mama yangu alikuwa akinipa mahamri ya kupeleka mjengoni, na Mwaura alikuwa na pua ya kuyasikia kabla sijafungua kitambaa.

Sasa.

Mwaka wa kwanza wa kikundi, kuna mwezi Mwaura alibadilika, na sisi tukafurahi. Ndiyo, tukafurahi. Alikuwa akifika mjengoni kabla ya wote, anapanga mawe kama anakimbizwa, anaongea bila koma, anaimba, anatupangia kujenga Dandora nzima kisha tuhamie Mombasa tukajenge huko. Chumba cha wiki nne kilisimama kwa wiki mbili. Tukamfanya mwenyekiti!

Mkewe, Mama Shiru, alinivuta pembeni siku moja akaniambia, "Seif, huyu mtu hajalala siku ya nne leo." Nikamjibu, "Shemeji, wengine waume zao wanalala mno." Nilijiona mjanja kweli.

Wiki hiyohiyo nikamkuta soko la Burma, saa sita mchana, katikati ya bucha moja. Amewaagizia nyama choma watu wote waliokuwepo, wale anaowajua na wasiomjua. Mwiko wake wa kujengea amempa muuza nyama. Timazi amempa mama wa kachumbari, eti apimie meza yake.

Watu wanapiga makofi. Na mimi nilicheka kwanza. Halafu nikamtazama machoni, nikaona hanioni. Ananitazama lakini hanioni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilimwomba yule mama anirudishie timazi. Alinipa bila neno, naye alishaona.

Baada ya hapo Mwaura akaanguka. Alilala kitandani wiki tatu, uso ukutani. Nikienda kumwona nakaa kwenye stuli pale kando. Siku moja alisema, bila kugeuka, "Seif, hata kufunga kamba za viatu naona kama kubeba mawe."

Kikundi kikagawanyika. Wengine wakasema ni mvivu, amelewa uenyekiti. Wengine wakasema kuna fundi amemroga. Mchungaji akaja akamwombea.

Nikamleta Mama. Nilijua atasema ni jini, atafutwe shehe. Si sisi Waislamu wa Majengo ndio tunaosemwa hivyo? Bi Zena aliketi naye saa nzima, amemshika mkono tu. Akatoka akavaa viatu vyake, akasema, "Huyu mwanangu ni mgonjwa. Dua nitamwombea. Nyinyi mpelekeni hospitali."

Tukampeleka, mimi na Mama Shiru. Akakaa huko, akarudi na vidonge na karatasi ya kliniki ya kila mwezi. Daktari alitutazama sote wawili akasema asiache dawa mpaka wao wenyewe wamwambie. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Sina pa kujificha.

Dawa zilimsaidia. Alilala, akala, akacheka kidogo. Lakini zilimtetemesha mikono. Kiu haimwishi, miguu mizito, na kazi ikawa polepole. Alipojenga ukuta wa chumba cha pili cha nyumba yake mwenyewe, ulipinda. Si sana, upana wa kidole gumba, ila ulipinda.

Kwa sheria ilibidi aubomoe. Tukasema tumwachie, ni mgonjwa. Lakini tulisema tukicheka, na yeye alikuwa palepale akiosha mwiko, anasikia.

Kisha ikafika zamu yangu, ya mwisho. Na barua nayo ikafika. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ukuta uwe umefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na dirisha, la sivyo ploti inakwenda.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Mama alikuwa amezeeka, chumba cha Majengo kinavuja, nimeshamwahidi atakufa kwake na si kwa mwenye nyumba. Nikimtazama Mwaura mjengoni naona jiwe moja analiweka, analitoa, analiweka tena, mikono inamcheza. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda ya ofisini mpaka bosi akaniuliza kama naoa.

Siku moja tumekaa kwenye chai, mimi na yeye tu, nikamwambia:

"Mwaura, hizi dawa si ndizo zinakufunga mikono?"

"Ndizo."

"Basi zipumzishe kidogo. Wiki mbili tu. Tukishafunga linta unarudi kwenye dawa zako."

"Daktari alisema nisiache."

"Daktari hajengi."

Maneno mawili hayo. Nimeishi nayo miaka zaidi ya arobaini.

Akamaliza hamri yake. Akasema, "Wewe ndiye rafiki yangu. Ukisema ni sawa, ni sawa."

Siku chache za kwanza hakuna kitu. Kisha mikono ikatulia. Kisha kasi ikarudi, na nyimbo zikarudi. Wakuu, alinijengea chumba sijawahi kuona. Mawe yamekaa kama yamezaliwa pamoja. Timazi ikining'inizwa hakuna hata nywele inayopita. Nami moyoni nilijua kinachotokea. Nilijua! Nikajiambia, linta kwanza.

Mama Shiru akanijia tena, safari hii hakunivuta pembeni, aliuliza mbele ya watu. "Seif, Baba Shiru anameza dawa kweli? Halali tena."

Nikamwambia, "Anameza, shemeji. Ni furaha ya kazi tu."

Linta ikafungwa Jumapili. Mkaguzi akaja Jumatatu asubuhi, akatia sahihi. Ploti imepona. Nikaenda kazini natembea juu juu kwa furaha, nimepanga jioni nimwambie Mwaura arudi kwenye dawa.

Saa nne hivi nikaitwa kwenye simu ya ofisini. Ni jirani yetu wa Dandora, amepigia dukani. Akasema njoo, fundi anabomoa nyumba yake.

Alikuwa ameamka akasema sheria ni sheria, mwenyekiti hawezi kukaa na ukuta uliopinda. Akachukua nyundo kubwa akauangushia ule ukuta wa chumba cha pili. Ukuta wa kidole gumba. Shiru, bintiye wa miaka sita, alikuwa nyuma yake akicheza. Jiwe likamwangukia mguuni.

Nilipofika wameshamkimbiza mtoto hospitali. Mwaura hayupo. Wakasema alipoona damu aliweka nyundo chini taratibu, akatembea akaenda. Hakuna aliyemfuata, wote walikuwa kwa mtoto.

Nilimtafuta siku ile yote. Burma. Kariobangi. Kwa Mama, Majengo, labda kafuata mahamri. Nilishuka mpaka mtoni. Kila nikiona watu wamekusanyika nasema ndiye. Sijawahi kuogopa vile, si kabla si baada. Nilikuwa naomba dua nusu nusu, sijui nimwombe Mungu Mwaura apatikane au aniondolee yale maneno mawili niliyoyasema.

Kesho yake, karibu saa tano asubuhi, nikakumbuka machimbo ya mawe nje ya mtaa. Pale ndipo alipokuwa akienda kutuchagulia mawe mazuri. Kulikuwa na mashimo makubwa ya zamani yaliyojaa maji.

Alikuwa ameketi ukingoni. Viatu amevivua, amevipanga kando yake, kimoja karibu na kingine.

Nikakaa hatua tano kutoka kwake. Niliogopa kusogea.

Akauliza, "Shiru amekufa?"

"Hajafa. Mguu umevunjika, amefungwa plasta. Anakuuliza wewe."

"Ukuta ulikuwa umepinda, Seif. Mlisema nyinyi wenyewe."

Nikaanza kulia, mwanaume mzima na tai yangu ya ofisi. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekuambia uache dawa. Si wewe, ni mimi. Nilitaka chumba changu. Vaa viatu twende nyumbani."

Hakusogea. Sina nguvu ya kumvuta Mwaura, basi nikabaki pale. Jua likapita utosini, likaanza kuinama. Tulikaa muda mrefu sana, na mimi nilikuwa naitazama miguu yake tu.

Baadaye akasema, "Nikirudi kwenye dawa mikono itatetemeka."

"Itetemeke."

"Kuta zitapinda."

"Zipinde, Mwaura. Kitanda changu nitakiweka kando ya huo uliopinda."

Akavuta viatu. Akajaribu kufunga kamba, akashindwa. Nikasogea nikapiga magoti nikamfungia.

Tulipokuwa njiani akasimama, akasema jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka juzi. Alisema, "Usimwambie Mama Shiru kwamba ni wewe. Akikuchukia, nani atanipeleka kliniki?"

Nikanyamaza kama alivyotaka. Na kliniki nikampeleka.

Kila mwezi, wakuu, miaka na miaka, mpaka wauguzi wakadhani sisi ni ndugu. Alianguka tena mara mbili tatu, si kwa ubaya ule. Mara nyingine alizichoka dawa akatukana, nikakaa naye. Bosi wangu alinikata siku, nikakubali.

Ule ukuta tuliujenga upya kwa zamu ya kikundi kizima. Mwaura alisisitiza apange mawe yeye, mikono ikitetemeka, na mimi nikishika kamba ya timazi. Ulipofika juu niliikunja timazi nikaitia mfukoni. Hakuna aliyepima, na sheria ile haikutajwa tena.

Mama yangu alifia Dandora, katika chumba chake, kama nilivyomwahidi. Chumba kile bado ni changu. Wageni wakija husema, ukuta huu ulijengwa na fundi! Mimi huenda jikoni kuangalia chai.

Mama Shiru alinishukuru mpaka alipofariki. Kila sikukuu ananiletea chakula, anawaambia watu, huyu ndiye aliyemshika mume wangu mkono. Mwaura mwenyewe aliondoka miaka michache iliyopita, mzee, sukari ilimmaliza, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Mazishini Shiru akasimama mbele ya watu akasema, "Uncle Seif hakukosa kliniki hata moja." Wakapiga makofi. Nilitazama chini.

Sasa Jumatatu hii.

Shiru alinipigia. Mwanawe wa pili, ambaye kwa desturi yao amepewa jina la babu, Mwaura, ni kinyozi. Alikaa siku kadhaa bila kulala, akanunua viti vya kunyolea vya duka zima jipya ambalo halipo, kisha akaanguka, uso ukutani. Wakampeleka. Daktari ndiye aliyetaja hilo neno, akampa dawa. Kijana ameanza kupata nafuu.

"Ila analalamika mikono inatetemeka," Shiru akasema. "Na kinyozi bila mkono ni nani? Sasa rafiki yake anayefanya naye kazi amemwambia azipumzishe kidogo, mpaka Disemba ipite, wateja ni wengi. Uncle, wewe ulikaa na baba. Nimwambie nini huyu mtoto?"

Wakuu, nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Nikamwambia yote. Chai, linta, maneno mawili, uongo niliomwambia mama yake mbele ya watu. Machimbo nikamwambia pia. Nilimwambia yeye, mwenye kovu mguuni mpaka leo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka yote hiyo ulikuwa unatuletea mahamri." Basi. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Njoo Jumamosi."

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Funzo nililopata wakuu ni hili, na ni chungu. Mtu wa namna hii akiwa juu sote tunampenda, maana anatufaa. Anatuchekesha, anatujengea, anatununulia nyama. Akiwa chini tunamwita mvivu. Akitulia kwa dawa tunasema amekuwa mzito, si yule wa zamani. Yule wa zamani ndiye aliyekuwa anaumwa! Kama dawa zinamsumbua, mrudishe kwa daktari mkaseme zinasumbua, labda atabadilishiwa. Sisi tungeweza kwenda. Kliniki ilikuwa ipo. Sikwenda kwa sababu nilikuwa na haraka yangu.

Sasa naomba msaada wenu. Kuna humu waliokaa na mgonjwa wa hivi, na najua kuna wenyewe wanaomeza hizo dawa. Niambieni namna ya kuzungumza na kijana wa siku hizi bila kumtisha na bila kumhubiria. Nitasoma kila jibu, hata la matusi.

Jumamosi nitapita pale kwenye kinyozi anapofanya kazi kijana, kabla ya kwenda nyumbani kwa Shiru. Timazi ninayo, Mwaura aliniachia, nitaibeba nimpe mjukuu wake.

Lakini huyo mjukuu nitamwona baadaye. Nitakapoingia nitauliza kwanza yule rafiki yake ni yupi, nikae kwenye kiti chake aninyoe, niongee naye.